Kuongoza ukiwa bado na chaki mkononi: mwongozo kamili kwa mwalimu wa Lubumbashi

Katika shule nyingi za hapa Lubumbashi, Kongo, mwalimu hupewa habari ya jukumu lake jipya akiwa amesimama kwenye koridoo. Prefe, mkuu wa shule ya sekondari, anapita, anamshika bega: "Mwalimu, kuanzia juma lijalo ni wewe utakamata UP ya hesabu." Yaani aongoze kundi la walimu wa hesabu. Imekwisha hivyo. Hapewi barua, hapunguziwi saa, wala hakuna anayemwonyesha kazi yenyewe inafanywaje. Mimi pia nilishikwa bega hivyo, na karibu mwaka mzima ulipita nikiwaudhi wenzangu kabla sijaelewa kosa langu. Haya nimemwandikia mwalimu aliyeshikwa bega juma hili, na pia yule ambaye hajaitwa na mtu lakini anaona shule yake inahitaji mkono wake.

Neno langu kubwa ni moja, na hatua zote zinalirudia: usiombe kuingia darasani kwa mwenzako kabla hujamkaribisha katika lako.

Hatua ya 1: Jua umepewa nini hasa

Prefe, direkta wa masomo, direkta wa nidhamu, au direkta wa shule ya msingi, wote hao wana barua ya kuteuliwa. Uongozi ninaousema mimi ni wa mwalimu anayebaki na masomo yake. Anaweza kuwa titulere, mwalimu anayesimamia darasa moja. Anaweza kuongoza UP, yaani unité pédagogique, kundi la walimu wa somo moja, au wa degre moja, yaani madarasa mawili yanayofuatana, kwa shule za msingi. Anaweza kuwa mjumbe wa walimu katika COGES, baraza la usimamizi wa shule. Au amekabidhiwa mwalimu mgeni amlee, au watahiniwa wa darasa la mwisho awafuatilie.

Kazi hizi hazifanani. Titulere anashughulika na watoto na wazazi wao. Buletini, ripoti za alama za watoto, zinapita mikononi mwake. Kiongozi wa UP anashughulika na watu wazima, na ndiyo maana kazi yake ni ngumu kuliko inavyoonekana. Mjumbe wa COGES yuko karibu na pesa. Usikubali tatu kwa pamoja. Nimewaona walimu wazuri wakibebeshwa zote mwezi wa tisa, na kufikia Desemba hata matayarisho yao ya masomo yamesimama.

Kabla ya kusema ndiyo, omba karatasi moja. Kama prefe hana muda wa kuiandika, iandike wewe, umpelekee aweke sahihi. Mambo manne yanatosha: kazi ni ipi, inaanza lini na kuisha lini, unamtolea nani ripoti, na utapunguziwa nini. Hilo la nne ndilo watu huona haya kuliuliza. Uliza. Si lazima iwe pesa. Inaweza kuwa saa mbili za masomo apewe mwingine, au kuondolewa kwenye zamu ya kusimamia uwanja wakati wa mapumziko. Shule nyingi za umma ni za konvansio, zinaendeshwa na makanisa na jumuiya za dini pamoja na serikali tangu mkataba wa 1977. Kama yako ni mojawapo, muulize prefe iwapo jambo hilo linapaswa kujulikana na koordinasio, ofisi ya kanisa au jumuiya inayosimamia shule zake. Mara nyingi halihitaji kufika huko, lakini ni vizuri kujua mapema kuliko kuulizwa baadaye.

Hatua ya 2: Safisha daftari zako mwenyewe

Hapa sitakaa sana. Jurnali ya darasa iwe imeandikwa hadi leo, fishi za matayarisho ziwepo, daftari la alama lisiwe na mashimo, mpango wa masomo wa mwaka uwe umewekwa sahihi. Siku utakapomwambia mwenzako kwamba matayarisho yake yana upungufu, atataka kwanza kuona ya kwako, na ana haki. Jipe juma mbili za kujiweka sawa kabla ya kuitisha mkutano wowote.

Hatua ya 3: Tafuta tatizo moja linalohesabika

Kiongozi mpya hupenda kuanza na hotuba juu ya kiwango kinachoshuka. Kila mwalimu amekwisha kuisikia hotuba hiyo, na hakuna anayerudi darasani na kitu cha kubadilisha. Tafuta jambo dogo ambalo unaweza kulihesabu kwa kalamu.

Nitoe mfano wa hesabu, kwa kuwa ndilo somo langu. Chukua karatasi za interogasio, yaani jaribio la darasani, la peryodi ya kwanza ya mwaka, darasa la saba. Ziweke mafungu matatu: waliokosea kukokotoa, waliokosea kuchagua kanuni, na walioacha swali tupu. Kisha chukua swali moja la maneno ambalo wengi waliliacha tupu. Siku inayofuata, lirudishe darasani mara mbili: kwanza kwa Kifaransa kama lilivyoandikwa, wakijibu kwenye karatasi, halafu lisome kwa Kiswahili, tena polepole, wajibu upande wa pili wa karatasi ileile. Hesabu majibu ya kila upande.

Nilipofanya hivyo kwa mara ya kwanza, nilikaa kimya mbele ya karatasi zile. Watoto niliowaita wavivu walikuwa wanajua kugawanya vizuri kabisa. Hawakuelewa "chacun" (kila mmoja) na "le reste" (kinachobaki). Miaka miwili nilikuwa nimewafundisha hesabu watoto ambao shida yao ilikuwa kusoma swali.

Tatizo la namna hiyo linafaa kupelekwa kwenye UP, kwa sababu halimshtaki mtu. Linamhusu mwalimu wa Kifaransa, wa fizikia pia, na kila mmoja anaweza kulipima darasani kwake bila kununua chochote. Kama shule yako ni ya msingi, tafuta lako: watoto wangapi wa degre ya pili wanaweza kusoma mistari mitatu bila kusimama? Tangu elimu ya msingi ya umma ianze kutolewa bure mwaka 2019, kama Katiba ya 2006 ilivyokwisha kuahidi katika kifungu cha 43, madarasa yamejaa, na katika darasa lililojaa mtoto asiyejua kusoma anajificha kwa urahisi nyuma ya sauti za wenzake wanaoimba pamoja ubaoni. Kuwasikiliza mmoja mmoja, watoto watano kila asubuhi, kunafaa kuliko mtihani mwingine.

Hatua ya 4: Fungua mlango wako

Hii ndiyo hatua niliyoiruka mimi. Nilianza kwa kutembelea madarasa ya wengine, kalamu nyekundu mfukoni, kama enspekta mdogo. Juma la pili niliingia kwa Papa mmoja, ndivyo tunavyomwita mwanaume mkubwa kwa heshima, aliyeanza kufundisha nikiwa bado mwanafunzi. Alinikaribisha, akanipa kiti, akawapa watoto zoezi la kunakili, akakaa kimya hadi kengele ilipolia. Hakunitukana. Baada ya siku ile hakuna mwalimu aliyekuja tena kwenye mikutano yangu ila wawili, na mmoja wa hao alikuwa anasubiri basi.

Kwa hiyo anza wewe. Utaratibu unaofaa ni huu.

Chagua somo la kawaida katika mpango wako. Usichukue lile unalolijua kwa moyo, na usiwafundishe watoto majibu jana yake. Wenzako watatambua mara moja, kwa sababu sote tumekwisha kuona masomo ya namna hiyo siku enspekta anapokuja. Chagua saa ambayo angalau wenzako wawili wako huru. Ukiwa kwenye shule ya zamu mbili, saa ya mwisho ya asubuhi hufaa, kwa sababu walimu wa alasiri wameanza kufika. Wakati wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, epuka saa ambazo mawingu huwa yamekusanyika: mvua ya Lubumbashi ikipiga bati, hakuna anayesikia kitu, na somo lako litaishia kwa watu kutazamana.

Siku moja kabla, wape wageni wako fishi ya matayarisho, na uwape swali moja tu la kuangalia. Swali hilo ndilo linaloamua kila kitu. Ukiwaambia "njooni muone somo", watakuja kukusifu au kukuhukumu. Ukiwaambia, "Naomba mhesabu ni watoto wangapi wa safu mbili za nyuma wamesema neno, na walisema nini", unawapa kazi, na macho yao yanakwenda kwa watoto.

Baada ya somo kaeni dakika ishirini, siku hiyohiyo. Wewe usianze kujitetea. Sikiliza hesabu yao kwanza. Halafu uliza: "Mngekuwa ninyi, mngefanya nini pale watoto waliponyamaza?" Andika majibu mbele yao. Juma linalofuata jaribu moja ya majibu hayo, kisha uwape habari hata kama lilishindikana. Hapo ndipo watu wanaanza kukuamini. Mama mmoja aliyekuwa hasemi kitu kwenye mikutano alinijia kwenye mapumziko, sote tukila mikate na karanga, akaniambia: "Mwalimu, sasa kuja kwangu, lakini usiandike." Nilikwenda, sikuandika.

Hatua ya 5: Endesha mkutano ambao watu watarudi

Mkutano wa UP katika shule nyingi umekuwa mahali pa kusomewa barua kutoka juu. Barua zibandikwe kwenye chumba cha walimu. Muda wa pamoja ni haba mno: wengi wana saa katika shule ya pili au ya tatu, wengine wana biashara, wengine wanaishi Katuba au Ruashi na wanahesabu nauli.

Dakika arobaini na tano, usizidishe. Anza kwa saa uliyotaja, hata mkiwa watatu. Dakika tano za kwanza, kila mmoja aseme alichojaribu tangu mkutano uliopita. Asiyejaribu aseme hivyo bila kuaibishwa. Dakika thelathini za katikati ziwe juu ya karatasi za wanafunzi zilizo mezani. Nasisitiza karatasi halisi, zenye makosa halisi. Pasipo karatasi mtazungumzia wazazi, mshahara na serikali, na ingawa mambo hayo ni ya kweli na yanauma, UP haina dawa yake. Dakika kumi za mwisho mkubaliane jambo moja la kujaribu, nani atalijaribu, katika darasa gani, na siku ya kuleta karatasi.

Kuna kazi mbili ambazo kwa maoni yangu zina faida kuliko nyingine zote kwa UP ya sekondari. Ya kwanza ni kuandika interogasio pamoja na kusahihisha kwa kipimo kimoja. Chukueni nakala moja ya mwanafunzi, kila mwalimu aisahihishe peke yake, halafu mfunue alama. Tofauti mtakayoiona itafungua mazungumzo ambayo hotuba haiwezi kuyafungua. Ya pili ni kwa wanaowaandaa watahiniwa wa Mtihani wa Taifa, Examen d'État: insha ya hors-session, sehemu ya mtihani inayofanywa kabla ya ile ya kuchagua majibu, isiachiwe mwalimu wa Kifaransa peke yake. Mwalimu wa historia au jiografia anaweza kuwapa watoto mada moja kwa mwezi na kusahihisha mpangilio wa mawazo tu. Mtoto aliyezoea kuchagua jibu miongoni mwa majibu aliyopewa hushtuka anapowekewa ukurasa mtupu.

Hatua ya 6: Kuingia darasani kwa mwenzako, hasa aliyekutangulia

Usiingie bila kualikwa. Hata kama karatasi yako ya kazi inakuruhusu, subiri. Ukiwa umefanya hatua ya nne mara mbili au tatu, mwaliko utakuja.

Msalimu mbele ya watoto kwa heshima anayostahili: Papa, Mama, Mwalimu. Kaa nyuma au pembeni, mahali ambapo unaona nyuso za watoto. Usimrekebishe mbele yao, hata akikosea tarehe au alama ya kutoa. Nimewahi kuona kijana akiinuka kufuta kosa ubaoni kwa mwenzake. Lile kosa dogo lilisahauliwa siku ileile, ila kule kufuta hakukusahauliwa miaka mingi.

Baada ya somo, muulize yeye kwanza: "Papa, wewe mwenyewe umeonaje?" Mara nyingi atataja kosa lile uliloliona, na hapo huna haja ya kulisema. Halafu mwambie ulichokiona kwa macho, bila hukumu: "Nimehesabu maswali kumi na manane, kumi na tano yalijibiwa na watoto walewale wanne wa mbele." Nyamaza. Mwache afikiri. Ukiona anataka ushauri, mpe mmoja, ambao anaweza kuujaribu kesho, na ujitolee kuujaribu pia darasani kwako.

Kwa aliyekutangulia kwa miaka mingi kuna njia nyingine ninayoipenda zaidi: mwombe akufundishe kitu. Kila mkubwa ana jambo analolijua kuliko shule nzima. Yule Papa aliyenikalia kimya alikuwa na namna ya kufundisha vipimo kwa kutumia kamba na uwanja wa shule, bila kitabu chochote. Mwaka wa pili nilimwomba atuonyeshe sote. Alikuja amevaa koti. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akiwaita wengine kwenye mkutano.

Hatua ya 7: Kati ya ofisi ya prefe na chumba cha walimu

Punde tu ukipewa jukumu, wenzako watajiuliza kama umekuwa sikio la prefe. Prefe naye atajaribu, pengine bila nia mbaya: "Na yule mama, darasa lake linaendaje?" Jiwekee mpaka siku ya kwanza na uutaje pande zote mbili kwa maneno yaleyale. Wa kwangu ulikuwa huu: ninachokiona darasani kwa mwalimu ni cha mwalimu huyo na mimi, tunachokubaliana kwenye UP ni cha prefe kukijua, mtoto akiwa hatarini, nitasema kwa yeyote anayepaswa kujua, saa hiyohiyo. Hilo la tatu halina majadiliano. Mwalimu anayepiga watoto au kuwasumbua wasichana halindwi na siri ya UP.

Kutathmini na kuadhibu ni kazi ya wakuu na enspekta. Ukiombwa ujaze alama za utendaji za wenzako, kataa kwa upole, ueleze kwamba ukifanya hivyo hakuna atakayekufungulia mlango tena.

Hatua ya 8: Siku ya deliberasio

Deliberasio ni kikao cha walimu kinachoamua nani amepita na nani ameshindwa. Titulere hupimwa siku hii. Utapata simu, utapata mgeni nyumbani jioni, utapata mwenzako anayekuambia mtoto fulani ni wa ndugu. Maneno "kununua pointi", yaani kulipia alama, kila mtu hapa anayajua, na yameharibu thamani ya buletini zetu kiasi kwamba mtoto aliyefanya kazi kweli naye anatiliwa shaka. Hilo linaniuma kuliko jambo lolote katika kazi hii.

Jilinde mapema. Alama za kila peryodi ziingie kwenye daftari kwa wino, na wanafunzi wazione karatasi zao zilizosahihishwa kabla hujazijumlisha. Mtoto anayejua alama zake ni shahidi wako. Siku mbili kabla ya kikao, waombe wenzako wakupe matokeo kwa maandishi na sahihi. Ndani ya kikao, kama kuna huruma ya kutoa, itolewe kwa kanuni moja iliyotajwa kabla ya majina kusomwa, iandikwe kwenye ripoti, na imfikie kila mtoto aliye katika hali ileile. Mzazi akija jioni, mpokee, mpe kiti, mwonyeshe daftari. Nimegundua kwamba wazazi wengi wanaoleta bahasha hawajawahi kuonyeshwa na mtu yeyote mtoto wao alikosea wapi.

Hatua ya 9: Pesa

Usizishike. Mchango wa fotokopi, wa safari, wa sherehe ya Aprili 30, siku ya mwalimu: zipite kwa mhasibu, risiti itolewe. Ukiwa kwenye COGES, omba hesabu isomwe kikaoni na iandikwe, na usiweke sahihi kwenye karatasi ambayo hujaisoma yote.

Hatua ya 10: Kukabidhi

Tangu mwezi wa pili, tafuta mtu wa kushika kazi baada yako. Mpe kuendesha mkutano mmoja ukiwepo, kisha mmoja usipokuwepo. Uwe na daftari moja la UP, gumu, lenye kurasa zilizohesabiwa: tarehe, waliokuwepo, tatizo, kilichojaribiwa, kilichotokea. Liache shuleni, kwenye kabati ya chumba cha walimu, usilipeleke nyumbani. Mwezi wa sita, kabla ya likizo, kaeni pamoja na mrithi wako saa moja, mpitie kurasa zote, na kwenye ukurasa wa mwisho umwandikie mambo matatu: lililofanikiwa, lililoshindikana na sababu yake, na jina la mwalimu ambaye bado hajaalika mtu darasani kwake. Huyo wa mwisho asitembelewe kwanza. Mrithi wako amwalike yeye.